Madaktari wakikutana, nasi tuna ajenda yetu



Ndugu yangu, dada yangu unayesoma haya,

Kila mwaka Chama cha Madaktari Kenya, KMA, hufanya kongamano lake. Ukitazama picha utaona watu wenye suti na vitambulisho shingoni, wanasikiliza mada za kisukari, saratani na shinikizo la damu. Nawe uliye Manyatta, Kaloleni au Dunga wasema, "Hayo ni ya wasomi bwana, mimi yanihusu nini?"

Yakuhusu, tena sana. Ngoja nikueleze.

Oktoba 1975, Chama cha Madaktari Duniani kilikutana Tokyo, Japani. Mkutano wa madaktari tu, kama hii mingine. Lakini walitoka na tamko: daktari hatashiriki mateso ya mfungwa, hatatoa mahali, kifaa wala ujuzi wake kwa kazi hiyo, wala hatasimama pale mtu akiteswa. Hawakuwa marais wala majaji. Walikuwa madaktari ukumbini, na maneno yao yanamlinda mahabusu mpaka leo.

Sasa, karatasi peke yake haitoshi. Miaka miwili tu baadaye, kule Afrika Kusini, Steve Biko alikuwa mikononi mwa polisi Port Elizabeth akiwa ameumia kichwa. Madaktari walimwona. Wakawafuata polisi badala ya kiapo chao. Akasafirishwa uchi nyuma ya gari, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, akafa tarehe 12 Septemba 1977. Ilichukua mpaka 1985 baraza la madaktari la huko kuwakuta na hatia madaktari wawili. Miaka minane! Kalamu ya daktari ikinyamaza, mwenye rungu ndiye anayeandika historia.

Turudi nyumbani Kisumu. Hospitali yetu kuu ya rufaa, ile inayobeba jina la Jaramogi Oginga Odinga, wazee bado wanaiita "Russia" kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. KMA ilianzishwa 1968. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alikuja kuifungua hospitali hiyo. Siku hiyo watu walipigwa risasi na walinzi wa serikali. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Hebu fikiri: nyumba ya tiba imefunguliwa kwa damu, na hata hesabu ya maiti hatukuwekewa sawasawa.

Sasa linganisha na Agosti 2017. Baada ya uchaguzi, polisi waliingia majumbani Nyalenda usiku. Mtoto Samantha Pendo, wa miezi 6, alipigwa kichwani akiwa na wazazi wake. Siku chache baadaye akafariki. Hatuulizi alikuwa wa dini gani. Dhulma ni dhulma. Tofauti na 1969 ni kwamba safari hii mwili ulichunguzwa, jeraha likaandikwa, na ushahidi ukafika kortini. Februari 2019 hakimu hapa Kisumu aliwataja makamanda 5 wa polisi kuwa wa kuwajibika. Safari ya kesi imekuwa ndefu na inachosha, lakini hakuna anayeweza kusema mtoto yule alianguka kitandani. Daktari alishaandika.

Hapo ndipo nataka tuambiane ukweli sisi Waislamu, hata kama unauma.

Akifa mtu wetu, haraka yetu ni kumzika. Ni sunna, ni heshima ya maiti, na hakuna anayetaka kuiacha. Lakini kijana akifia mikononi mwa polisi, au akiokotwa ziwani siku ya tatu baada ya kuchukuliwa na watu wasiojulikana, wakati mwingine sisi wenyewe ndio tunaosema, "Msimpasue, tupeni tuzike." Tunamzika kabla ya alasiri, na ushahidi tunauzika pamoja naye. Halafu tunakuja msikitini kuuliza haki iko wapi. Qur'ani, katika Suratul Baqara, imetukataza kuficha ushahidi. Na mwili wa aliyeuawa ni shahidi wake wa mwisho.

Usinielewe vibaya. Sisemi kila maiti ipasuliwe, wala mimi si mufti. Masheikh wetu wakae na jambo hili watupe mwongozo ulio wazi. Ninachosema ni kwamba hatupaswi kulazimishwa kuchagua kati ya kuzika mapema na kupata haki. Yote mawili yanawezekana, kama madaktari watakubali kusogea hatua moja nasi tusogee moja.

Kwa hiyo, daktari wetu unayesoma hapa, na wengi mpo, mkikutana tena bebeni ajenda yetu mezani. Kwanza, kifo cha mkononi mwa polisi kichunguzwe upesi, hata kama ni Jumamosi au sikukuu, na familia iruhusiwe kuleta daktari wake kushuhudia. Pili, fomu ya P3 ijazwe siku ile ile, kwa maandishi yanayosomeka, na aliyepigwa asizungushwe. Tatu, daktari au muuguzi anayeandika ukweli na kutishwa, chama chake kisimame naye hadharani. Akiachwa peke yake, kesho hataandika.

Nawe raia, una kazi yako. Mtu akipigwa, mpeleke hospitali leo, si kesho. Jeraha hupona na ushahidi hupotea. Omba nambari ya OB kituoni. Weka nakala ya kila karatasi. Piga picha za majeraha. Kifo au jeraha baya likisababishwa na polisi, pelekeni habari IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi. Na usikubali kufukuzwa mlangoni mtu akiwa hali mahututi: Kipengele cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mwaka ujao utakapoona picha za madaktari wakiwa kongamanoni, usipite tu. Uliza: walizungumza juu ya aliyeletwa na polisi usiku akiwa hajiwezi? Kama hawakuzungumza, waulize kwa nini. Na kama walizungumza, waombee dua, kwa sababu wanayesimama naye siku hiyo anaweza kuwa mwanao.

Allah atupe madaktari wakweli, na sisi atupe ujasiri wa kuwasaidia. Amin.

Wassalaam.