Sindano Kabla ya Mgonjwa

(Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi wa hospitali, Butembo)

Ndugu waganga, nanyi mama wauguzi, na ninyi mnaofua mashuka: mimi ni karani tu, kazi yangu kuandika majina. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilitoka Mangina, ikashika Beni, Butembo na Ituri, hata 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Wafanyakazi wa afya zaidi ya 150 waliambukizwa. Mgonjwa huja na homa, mnadhani ni malaria, mnamshika.

Chanjo ya Ervebo ni sindano moja, lakini yataka siku kama 10 kupata nguvu. Mgonjwa akiisha kulala kitandani, umechelewa. Kwetu mgodini, nani aingie shimoni kwanza ndipo aombe kofia ya chuma?

Wengine wasema sindano yenyewe huleta Ebola. Sivyo, ndani mna kipande kimoja tu cha virusi hivyo, hakiwezi kuleta ugonjwa. Mkono kuuma na homa kidogo, hayo ni kweli. Na glavu zivaliwe vilevile.

Ugonjwa ulirudi upande wa Butembo Februari 2021, na Beni Oktoba. Wachanjaji wakija, mama wa mashuka aitwe pia. Mara nyingi jina lake halimo katika karatasi.