Mkeka wa Mechi 13 na Watu wa Songwe: Uwezekano wa Kushinda Bahati Nasibu
Mhadhara wa umma uliotolewa Ruanda, Mbozi, mkoani Songwe

 

Nilipoalikwa nilikusudia kuzungumzia jambo jingine kabisa la hisabati. Kilichonigeuza ni kauli ninayoisikia kila wasomi wanapokaa kuzungumzia kubeti, kwamba bahati nasibu ni kodi wanayotozwa watu wasiojua hesabu. Kauli hii imezunguka dunia na sasa inasemwa kwa Kiswahili sanifu. Naamini ni ya uongo, na inatudhuru, kwa sababu msomi akishaisema anaona kazi imekwisha: tatizo ni mchezaji, dawa ni shule. Jioni hii nitatumia muda wangu mwingi kuibomoa, nisije nikaulizwa mwishoni kwa nini sikufika kwingine.

Historia mnaifahamu. Bahati Nasibu ya Taifa ni ya miaka ya 1970. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ikatupa Bodi tuliyo nayo. Mwaka 2017 bahati nasibu za Biko na Tatu Mzuka zikaingia kwenye simu, na kampuni za kubashiri mpira zikatanda. Tangu hapo anayetaka kucheza anahitaji simu yenye salio tu.

Hesabu yenyewe nayo ni fupi. Chukueni mkeka, yaani karatasi ya kubashiri matokeo, wa mechi 13, ambao hushinda ukipatia zote. Kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au sare. Zidisha 3 kwa 3 mpaka itimie mara 13, utapata mikeka 1,594,323 inayoweza kujazwa bila mmoja kufanana na mwingine. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,344,687 katika mkoa huu. Maana yake, kila mkazi wa Songwe, kuanzia Tunduma na Momba hadi Ileje na Mbozi, pamoja na kichanga kilichozaliwa usiku wa sensa, angejaza mkeka wake peke yake, na bado ingebaki mikeka 249,636 isiyo na mwenyewe. Mkeka wa ushindi ungeweza kuwa miongoni mwa hiyo iliyobaki, na mkoa mzima ukakosa.

Mkeka wa mechi 17 ni mzito zaidi. Huo ndio alioupata Mkenya Samuel Abisai mwaka 2017, akachukua zaidi ya shilingi za Kenya milioni 221, na picha yake na hundi ikaonekana Afrika Mashariki yote. Mikeka inayowezekana hapo ni 129,140,163. Sensa ile ile iliwahesabu Watanzania 61,741,120. Kila Mtanzania angejaza miwili, na mingine zaidi ya milioni 5 ingebaki.

Sasa msomi wangu atasema: unaona? Wanaocheza hawajui hayo. Namwomba ashuke nami Tunduma, pale mpakani na Nakonde ya Zambia. Kijana wa kubadilisha fedha anabadili kwacha kuwa shilingi, anaondoa faida yake, anaangalia bei imeshuka kiasi gani tangu asubuhi, na kukutajia jibu kabla hujafungua kikokotoo cha simu. Baada ya hapo anajaza mkeka. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anajua kilo ngapi za matunda mabichi zitatoa kilo moja ya kahawa kavu, na mwanawe anayemsaidia hesabu hiyo naye anabeti. Hawa si watu wasiojua hesabu. Tafuteni sababu nyingine.

Nimewauliza wengi kwa nini wanacheza, na jibu moja linarudi: "Mwalimu, mambo ni mawili tu, kupata au kukosa." Yaani nusu kwa nusu. Wenzangu hulicheka jibu hili. Mimi silicheki, kwa sababu nalikuta kwa mtu mkubwa sana. Jean d'Alembert alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakuu wa Ufaransa katika karne ya 18. Mwaka 1754, katika Ensaiklopedia aliyoihariri pamoja na Diderot, aliandika kuhusu kurusha sarafu. Swali lilikuwa hili: ukiruhusiwa kurusha mara mbili, una uwezekano gani wa kupata kichwa angalau mara moja? Akajibu 2 kati ya 3. Alihesabu hali tatu: kichwa kinatoka mara ya kwanza na mchezo unaishia hapo, kinatoka mara ya pili, hakitoki kabisa. Akazipa zote uzito sawa. Lakini ile hali ya kwanza inabeba uzito wa mbili, maana inatokea nusu ya nyakati zote. Jibu sahihi ni 3 kati ya 4.

Angalieni kosa lenyewe. D'Alembert alihesabu majina ya matokeo akaacha kupima uzito wake, na kijana wa bodaboda anayesema kupata au kukosa amefanya hivyo hivyo. Kama kosa hilo ni ujinga wa hesabu, basi mhariri wa Ensaiklopedia naye aingizwe katika orodha ya wajinga. Nani kati yetu atathubutu?

Niruhusuni nikae kidogo na mwandishi ninayempenda kuliko wote katika fani hii, Pierre-Simon Laplace. D'Alembert huyo huyo ndiye aliyemsaidia kupata kazi yake ya kwanza mjini Paris. Mwaka 1795 Laplace aliwahutubia walimu watarajiwa kuhusu uwezekano, na mwaka 1814 mhadhara ule ukakua ukawa kitabu kidogo, kilichoandikwa kwa maneno matupu bila fomula ili mtu yeyote makini akifuate. Nimekisoma tena na tena, na kila mara nashangazwa na heshima yake kwa mtu wa kawaida. Ana sura nzima kuhusu namna akili inavyodanganyika. Anaeleza jinsi wachezaji wa bahati nasibu ya Ufaransa, namba ikikaa muda mrefu bila kutoka, wanavyokimbilia kuiwekea pesa. Kando yao anawaweka akina baba waliotamani mtoto wa kiume: wakisikia wavulana wengi wamezaliwa mwezi ule, wananyong'onyea, wakidhani fungu la wavulana limekwisha na wao watapata wasichana. Laplace hawatukani watu hawa. Anaonyesha kwamba ni tabia ya akili ya binadamu, ya tajiri na ya maskini, na kwamba inahitaji kuwekewa namba mbele yake. Wala hakuishia vitabuni. Mwaka 1819 alizungumza katika baraza la juu la bunge akitaka bahati nasibu ya serikali ifutwe. Ilifutwa mwaka 1836, naye akiwa amekufa miaka 9 nyuma.

Nampenda Laplace kwa sababu ya mjomba wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa, na ndiye aliyenifundisha kugawanya, nyuma ya stakabadhi zilizoharibika. Wakulima walimwamini kwa kilo zao. Lakini alikuwa na daftari la namba za droo zilizopita, na ile iliyochelewa aliipigia mstari mwekundu: imekaa sana, lazima itoke. Mtu aliyejua hesabu kuliko walimu wangu wa shule ya msingi! Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Italia, ambako namba 53 kwenye droo ya Venezia haikutoka tangu Mei 2003 mpaka tarehe 9 Februari 2005. Huko hutolewa namba 5 kati ya 90, kwa hiyo namba yoyote ina nafasi 1 kati ya 18 katika kila droo, iwe imetoka jana au haijatoka kwa mwaka mzima. Waitaliano waliimwagia 53 mabilioni ya euro. Familia zilifilisika na watu waliripotiwa kujiua. Ni nchi yenye vyuo vikuu vya karne na karne. Shule peke yake haikuwakinga.

Nini basi kinachomrudisha mchezaji? Kuna neno linalosemwa kila Jumapili usiku: "Mechi moja tu imenichania mkeka." Anayesema hivyo anaamini amekaribia na amebakiza hatua moja. Fanyeni hesabu. Katika mikeka ile 1,594,323, mmoja tu uko sawa wote. Iliyokosea mechi moja ni 26, kwa sababu kila moja ya mechi 13 inaweza kukosewa kwa namna mbili. Iliyokosea mechi mbili ni 312. Kila njia moja ya kushinda imezungukwa na njia 338 za kukaribia. Kukaribia kumejengwa ndani ya mchezo, na wiki ijayo uwezekano wa kushinda ni ule ule. Hili hata kijana wa Tunduma hawezi kulikokotoa akiwa amesimama, na hakuna anayemwambia.

Kuna pingamizi la haki. Mpira si pipa la namba. Simba au Yanga ikiwa nyumbani dhidi ya timu dhaifu, matokeo matatu hayana uzito sawa. Nakubali. Anayejaza kwa kubahatisha tupu ana 1 kati ya 1,594,323, hata timu zisipolingana nguvu. Mjuzi ana zaidi. Tuseme mjuzi wetu anapatia mechi 6 kati ya 10, jambo gumu kwa mechi 13 zilizochaguliwa na mwenye mchezo. Uwezekano wake ni takriban 1 kati ya 766. Akicheza kila wiki, atangoja kwa wastani karibu miaka 15, na wiki ambayo matokeo yanatabirika kirahisi, wajuzi wengine nao wamepatia na zawadi inagawanywa. Ujuzi upo, ila faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Pingamizi la pili ni kwamba hata namba ikichapishwa watu watacheza. Huenda, na wacheze. Mkulima ana haki ya kuuona mshale wa mizani hata kama ameshaamua kuuza. Powerball ya Marekani hutangaza 1 kati ya 292,201,338, na Lotto ya Uingereza 1 kati ya 45,057,474, na bado tiketi zinauzwa. Katika mikeka niliyoletewa na wanafunzi wangu zawadi imeandikwa kwa herufi kubwa, uwezekano haumo kabisa. Aliyeificha namba ndiye wa kulaumiwa kwanza, kabla ya aliyenyimwa.

Naiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania iweke sharti moja katika kila leseni: palipoandikwa zawadi, paandikwe na uwezekano, kwa Kiswahili na kwa maandishi ya ukubwa ule ule, pamoja na idadi ya mikeka iliyouzwa wiki iliyopita na iliyoshinda. Nanyi vijana wa Ruanda, kabla ya kutuma pesa mwulizeni wakala namba hiyo. Asipoijua, iandikeni wenyewe juu ya mkeka, kwa kalamu, ndipo mwamue.