Paa, Kuta, na Hati ya Bima

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Halmashauri ilitutaka tuseme machache juu ya bima ya nyumba, khasa ya paa na kuta. Tulikubali kwa sababu moja. Masika iliyopita mwenzetu mmoja, karani mstaafu, aliezuliwa mabati thelathini na upepo katika usiku mmoja. Bima alikuwa nayo. Wengi wetu tulikwenda kumpa pole, na huku tukimwambia, "Afadhali wewe uliyekata bima." Walakini barua ya kampuni ilipofika, fedha aliyopewa haikufika hata theluthi ya hasara yake. Akatuletea barua ile akiamini ya kuwa amedhulumiwa. Tuliisoma pamoja naye, na hati ya bima tukaiweka kando yake, tukaona ya kuwa karibu kila neno la kampuni lilikwisha andikwa katika hati tangu siku aliyoitia sahihi. Sisi ambao kazi yetu ni kusoma karatasi za watu, za kwetu huzifungia sandukuni.

Yafaa kwanza kujua asili ya jambo lenyewe. London iliungua mwaka 1666, nyumba zaidi ya 13,000 zikateketea, na katika miaka iliyofuata wakatokea watu wa kuuza bima ya nyumba dhidi ya moto. Asili hiyo haijafutika. Hata leo hapa Tanzania hati nyingi za nyumba msingi wake ni moto na radi. Tufani, mafuriko na tetemeko la nchi huongezwa kwa majina yake. Lisiloandikwa halimo. Basi mtu asiulize, "Je, paa langu lina bima?" Na aulize, "Lina bima dhidi ya nini?" Bati likichukuliwa na upepo, hulipwa penye neno tufani. Bati lile lile likiliwa na kutu halilipwi, kwa kuwa uchakavu si ajali. Huja polepole na mwenye nyumba akiutazama. Kuta nazo ni vivyo hivyo. Mti ulioangushwa na upepo ukibomoa ukuta, hayo ni ya tufani. Maji ya mto yakiingia na kuubomoa, hayo ni ya mafuriko. Na ufa uliotokana na msingi mbaya ni shauri lako na fundi wako.

Tuseme pia neno juu ya ile bima inayokatwa pamoja na mkopo wa mshahara. Wako wanaodhani ya kuwa hiyo ni bima ya nyumba waliyoijenga kwa mkopo ule. Aghalabu siyo. Ile humlipa mkopeshaji deni lake ikiwa mkopaji amekufa au amelemaa. Haina khabari na paa.

Na wako watakaosema ya kwamba nchi yetu haina tufani. Unguja ilipigwa mwaka 1872, mikarafuu ikang'olewa shamba kwa shamba. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Wala haihitaji kimbunga: upepo wa kawaida wa mvua huezua nyumba na madarasa karibu kila mwaka.

Sasa turudi kwa mwenzetu, naye ameturuhusu kutaja hesabu zake. Nyumba yake aliikatia bima ya shilingi 25,000,000 mwaka 2009, na kiasi hicho hakukigusa tena, maana ada ilikuwa ndogo naye akafurahi. Leo kuijenga upya nyumba ile kungegharimu shilingi 75,000,000. Hati ilisema ya kuwa, ikiwa kiasi cha bima ni pungufu ya thamani ya nyumba, mwenye nyumba huhesabiwa kuwa amejikatia bima mwenyewe kwa sehemu iliyopungua. Yeye alikuwa amekata theluthi moja. Hasara ya paa ilikuwa shilingi 6,000,000. Theluthi yake ni 2,000,000. Humo zikatolewa 200,000, iliyo sehemu ya kwanza ya kila hasara ambayo hati ilimwachia aibebe mwenyewe. Zikabaki 1,800,000. Wengi hudhani sharti hili ni la nyumba iliyoteketea yote. Sivyo, hugusa hata hasara ndogo. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kulipa ada, mwiteni fundi au mthamini awaambie gharama ya kujenga leo, na bei ya kiwanja msiitie, kwani kiwanja hakiezuliwi.

Tazameni pia kama hati yalipa kipya kwa kikuukuu, au thamani ya kitu kikuukuu tu. Bati la miaka kumi na tano likilipwa kwa thamani yake ya leo, fedha hiyo hainunui bati jipya. Wala msitazamie kupewa paa zima kwa sababu rangi ya mabati mapya hailingani na ya zamani. Aghalabu hulipwa upande ulioharibika tu.

Walakini katika jambo moja kampuni ilikosea. Ilikataa kulipa dari, ikisema ya kuwa iliharibiwa na mvua wala si upepo. Hati yenyewe ilisema ya kuwa maji yaliyoingia kwa tundu lililofanywa na tufani yamo. Tukamwandikia barua, tukataja sharti na namba yake, na dari ikahesabiwa pamoja na paa. Kama wangeshikilia, tulikuwa tayari kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Tena alisaidiwa na mambo aliyoyafanya kesho yake alfajiri. Alipiga picha kabla ya kugusa kitu. Alifunika tundu kwa turubai akatunza risiti, kwa maana hasara ya mvua ya pili huwa juu yako ukiacha nyumba wazi. Aliarifu kampuni siku ile ile kwa maandishi. Mabati yaliyopinda hakuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, akamngoja mkaguzi ayaone. Kilichomkosesha ni risiti ya mabati yenye kuonyesha geji: yeye alikuwa ameezeka kwa geji 28, wao wakamhesabia geji 32 iliyo nyembamba.

Bwana Katibu anazo nakala tano za hati tupu kwa atakayetaka kuzitazama. Na waliokuja na hati zao wabaki baada ya chai, tuzisome pamoja, tukianza na ukurasa wa mambo yasiyolipwa.