Takataka ya Katindo iko na mwenye kazi
Hotuba kwa vijana wa kartie, Katindo, Goma, 2019



Siku ya salongo siye wote tunatoka na majembe na mifagio. Tunafagia mbele ya nyumba, tunaondoa uchafu ndani ya mitaro. Saa sita, lundo liko pembeni ya barabara. Nani analibeba?

Hapa hatuwezi kuzika takataka. Chini ni makoro ya volkano, shimo halichimbiki. Mwenye feza analipa watu wa kubeba. Asiye nayo anangoja usiku. Mvua inasukuma yote mpaka ziwani, na maji ya ziwa njo tunakunywa. Kule Bukavu, plastiki za Kivu zinaziba mashini za Ruzizi, kura inakatika.

Sheria inasema nini? Ile ya 2008 juu ya miji na komine inazipa bajeti yao. Ile ya 2011 juu ya mazingira inasema Serikali, jimbo, miji na komine njo wanapashwa kusimamia takataka. Na tangu Desemba 2017 kuko dekre ya kukataza sashe za plastiki. Muangalie sokoni kama ziliisha.

Hatupingi watu wa kubeba takataka kwa malipo. Wanasaidia. Lakini komine ikiachia mwingine kazi, inabaki kuisimamia. Na wakubwa wa mji na komine wanateuliwa; Desemba 2018 tulipiga kura, lakini si ya komine. Kwa hiyo kuwauliza kunabaki juu yetu.

Tunaomba mambo mane yabandikwe kwenye biro ya kartie: nani anabeba takataka ya kila avenyu, siku gani, kwa bei gani, na anaimwaga wapi. Na familia isiyokuwa na kitu iwekewe mahali pa kutupa, mbele ya kuitoza amende.

Wengi wetu hapa tuko na diplome, kazi hatuna. Basi kusoma sheria na kuandika barua tunaweza. Juma hii kila avenyu ichague watu wawili. Barua itaenda komine na nakala itarudi na muhuri. Wasipojibu, tutarudi pale wote, kwa amani, na nakala mkononi.

Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Salongo tutaendelea kufanya. Na wao wafanye yao.