Mkono Unauma: Kitabu Chako cha Hospitali Kinasema Nini?

Leo ningependa kuzungumza na ninyi mnaokula kwa jasho la mikono hapa Majengo na mitaa jirani: akina mama mnaofua nguo za watu Eastleigh, mafundi wa mabati wa Kamukunji, washonaji wa Gikomba, na wewe mama unayemwinua mtoto mchanga kutwa nzima. Mada yetu ni maumivu ya kano, na hasa jinsi maumivu hayo yanavyoandikwa unapokwenda kutibiwa.

Kano ni nini? Ni kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Wengi wetu huiita mshipa, lakini mshipa kazi yake ni kupitisha damu. Kano huvuta mfupa ili kiungo kisogee. Kwenye kifundo cha mkono, kano mbili za kidole gumba hupita ndani ya ala, kama kisu katika ala yake. Ukisokota na kukamua nguo nzito siku baada ya siku, ala hiyo hunenepa na njia ya kano huwa finyu. Ndipo unapohisi uchungu upande wa kidole gumba unapokamua nguo, unapofungua kifuniko cha chupa au unapomnyanyua mtoto. Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895.

Sasa tuingie katika maandishi. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa, na kila ugonjwa umepewa msimbo, yaani alama ya herufi na tarakimu. Katika toleo la 10, lililopitishwa mwaka 1990, ugonjwa huu wa kano za kidole gumba ni M65.4. Maumivu ya mkono au mguu, bila kutaja chanzo, ni M79.6. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na alama zake ni tofauti, lakini kazi yake ni ile ile: mhudumu wa Nairobi na wa Mombasa waelewane kuhusu ugonjwa mmoja.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe unayefua nguo? Tuseme mama mmoja anakwenda zahanati mwezi wa Juni. Foleni ni ndefu. Anasema tu, "Mkono unaniuma." Kitabuni panaandikwa "maumivu ya mkono", naye anapewa dawa ya kutuliza. Agosti anakwenda kwingine na kitabu kipya, na panaandikwa vivyo hivyo. Oktoba, kwingine tena. Kila mhudumu anadhani maumivu yameanza juzi. Hakuna anayefikiria kumfunga kifaa cha kushikilia kidole gumba kisisogee, wala kumpeleka kwa daktari anayeweza kumchoma sindano penye ala. Miezi kadhaa imepita, sasa tumbo linamwaka kwa vidonge, na kazi anaikosa kwa sababu hawezi kukamua blanketi.

Nieleweke vizuri. Kuandika "maumivu" siku ya kwanza si kosa. Afadhali mhudumu aandike alichokiona kuliko kubahatisha ugonjwa. Mtu akiandikiwa yabisi bila kuchunguzwa, huenda akaishi na jina hilo miaka mingi. Lakini ukirudi mara ya pili na ya tatu, maandishi ya kwanza yapaswa kuonekana, ili uchunguzi usonge mbele.

Tena sikilizeni hili. Alama ya M65.4 haisemi ni mkono wa kulia au wa kushoto. Haisemi umeumwa tangu lini, wala unafanya kazi gani. Hayo huandikwa kwa maneno, na maneno hayo unayo wewe mgonjwa. Kwa hivyo, ukiingia kwa mhudumu, mweleze mambo matano:

1. Ni mkono upi, na wewe hutumia zaidi mkono upi.
2. Ni wapi hasa panapouma. Paonyeshe kwa kidole kimoja.
3. Uchungu ulianza lini, na kama uliwahi kuanguka au kujigonga.
4. Unafanya kazi gani, na ni tendo gani linalozidisha uchungu.
5. Umetumia dawa gani, na kama una mimba, kisukari, vidonda vya tumbo au shinikizo la damu.

Hilo la tano si dogo. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo, na mimba ikifika majuma 20 hazifai kutumiwa bila idhini ya daktari.

Kabla hujatoka, omba usomewe kilichoandikwa. Usione haya hata kama hujui kusoma. Tarehe ipo? Upande wa mkono umetajwa? Jina la ugonjwa, dawa na siku ya kurudi? Kama pana kosa, liseme kwa upole lirekebishwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona habari zako na kuomba zilizo na makosa zisahihishwe. Na kama umeajiriwa, mwarifu mwajiri wako mapema. Maandishi yenye tarehe na kazi uliyokuwa ukiifanya yatakusaidia ukilazimika kudai haki yako.

Kitabu chako kitunze pamoja na kitambulisho. Usimwazime jirani. Ugonjwa wake ukiandikwa humo, siku moja utatibiwa wewe kwa habari zake.

Kumbuka pia kwamba wagonjwa wa zahanati huhesabiwa kila mwezi, na jumla hupelekwa kaunti na Wizara ya Afya. Maumivu yako yakiachwa bila jina, uchungu wa wafuaji nguo hautaonekana katika hesabu hizo.

Huko nyumbani, pumzisha kidole gumba. Kamueni nguo nzito mkiwa wawili, au zitundike zichuruzike zenyewe. Mtoto mwinue kwa kumwekea viganja chini ya makalio na mgongo, si kwa kumkamata makwapani huku vidole gumba vimepanuka.

Lakini kidole kikivimba, kikawa chekundu na cha moto, hasa baada ya kuchomwa na sindano, mwiba au bati, au ukapata homa, usingoje. Huenda usaha umeingia ndani ya ala ya kano. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Wenye vitabu viwili vitatu vya hospitali, vileteni vyote pamoja mkija kliniki. Tutavisoma tukianzia ule wa kwanza.