WAKILI WA KODI NA KAZI YAKE



Mfanyabiashara wa Uganda apatapo barua ya makisio ya kodi yanayomshinda, aghalabu hufanya moja katika mawili. Ama huingiwa na hofu akalipa asichodaiwa, ama huitia barua sandukuni akitumaini itasahauliwa. Yote mawili ni hasara, na la pili ni baya zaidi. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 152, yasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge, tena ikaagiza mabaraza ya kodi yawekwe. Na Sheria ya Baraza la Rufaa za Kodi ikatungwa mwaka 1997. Basi mlango upo, ila una saa yake ya kufungwa.

Wengi hudhani kazi ya wakili wa kodi ni kusema mbele ya mahakimu. La, sehemu kubwa ni kuhesabu siku na kukusanya karatasi. Kwa Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2014, mwenye kupinga makisio ana siku 45 tangu kuyapokea za kupeleka pingamizi kwa Kamishna. Kamishna naye ana siku 90 za kutoa uamuzi. Ukishamfikia mlipa kodi naye hakuridhika, ana siku 30 za kwenda barazani.

Chukueni mfano wa mwenye duka aliyewekewa na jamaa fedha za ujenzi wa madrasa katika hesabu yake ya benki. Mkaguzi akiona zilizoingia benki zazidi mauzo yaliyoandikwa, huihesabu ile ziada kuwa mauzo yaliyofichwa. Mwenye duka ataapa kuwa ni amana, na huenda ni mkweli. Lakini sheria imemtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba makisio yamezidi au yamekosewa. Hapo wakili ataomba stakabadhi za michango, barua ya kamati, na hati za fundi aliyelipwa. Zisipokuwapo, ufasaha wake wote hautafaa kitu. Na ajabu ni kwamba jamaa isomayo Aya ya Deni katika Suratul Baqara, iamrishayo deni liandikwe, hupokezana mamilioni kwa maneno matupu.

Kupinga nako kuna gharama. Kwa kawaida mwenye kupinga hutakiwa, shauri likingoja kukatwa, kulipa asilimia 30 ya kodi iliyokisiwa, au ile sehemu asiyoipinga, iliyo kubwa kati ya hizo. Aliyekisiwa shilingi 60,000,000 naye akakubali 10,000,000, atatoa 18,000,000. Kwa duka dogo huo ni mtaji mzima. Kwa hiyo wakili mwema hulipima hilo mapema, akamwambia mtu wake: hapa una haki, na hapa unadaiwa, lipa. Wakili aahidiye kuifuta kodi yote kabla hajafunua daftari ni wa kukimbiwa.

Ashindwaye barazani ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahkama Kuu, ambako husikizwa hoja za sheria tu. Kama fedha zile zilikuwa za madrasa au za duka, hilo huwa limekwisha kukatwa barazani.