Tumwamini Mungu, Tupime Maneno ya Watu

Masomo: Mezali 14:15, Matendo 17:10-12



Leo nasema juu ya ujumbe unaoingia katika telefone, ukitoka kwa mtu tunayemjua: weka dola 50, baada ya siku 10 utapata 100, mimi mwenyewe nimekwisha kupata, ni mlango Mungu ametufungulia.

Wadanganyifu wanajua kwamba watu wa maombi tunaaminiana. Wanaanza na mtu mmoja, mara nyingi mtu mwema, shemasi au mama wa korali. Mara ya kwanza wanamlipa kweli. Naye anashuhudia kwa wengine bila kusema uongo, maana feza ameipata. Lakini feza hiyo ilitoka wapi? Hakuna shamba, hakuna duka. Ni feza ya dada aliyeingia nyuma yake.

Tuhesabu. Watu 10 wameweka dola 50 kila mmoja: jumla 500. Ili kila mmoja apate 100, inatakiwa 1.000. Basi lazima waingie wapya 10. Ili hao walipwe, waingie 20. Kisha 40, 80, 160. Kwa hesabu ya siku kumi kumi, ifikapo siku ya 60 wanahitajika wapya 320. Watapatikana wapi? Siku wanapokosekana, kikundi cha WhatsApp kinafungwa, na namba ya mkubwa wao haipatikani tena.

Wazee wanakumbuka Bindo Promotion kule Kinshasa. Watu waliweka feza wakiahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi, na mwaka 1991 mambo yakaanguka. Wengi wakapoteza. Wakati ule hapakuwa na WhatsApp, lakini hesabu ilikuwa ile ile.

Tusichanganye jambo hili na likelemba. Katika likelemba tunajuana uso kwa uso, kila mmoja anatoa sawa na anapokea sawa, na hakuna anayeahidiwa faida.

Wengine watasema: Mchungaji, kuuliza maswali ni kukosa imani. Hapana. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, mtume wa Bwana, na bado walichunguza Maandiko kila siku kuona kama anasema kweli. Biblia inawasifu kwa sababu hiyo. Kama Paulo alipimwa, kwa nini tusimpime mtu wa telefone? Mezali inatuambia kwamba anayesadiki kila neno ni mjinga, lakini mwenye akili anaangalia anapokanyaga.

Basi uliza: Faida hii inatoka katika kazi gani? Je, wana ruhusa ya Benki Kuu ya Congo ya kupokea akiba za watu? Naweza kutoa feza yangu yote leo nikitaka? Kwa nini wananiharakisha? Jibu likikosekana, funga mkono wako.

Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka kompani. Na tarakimu 6 ambazo WhatsApp inakutumia usimpe mtu. Ukimpa, atachukua akaunti yako na kuomba feza kwa wapendwa kwa jina lako. Ndugu akikuandikia kwamba yuko katika shida, mpigie usikie sauti yake. Hata ujumbe ukiwa na picha yangu na jina langu, nipigie.

Sasa neno kwa aliyepoteza. Dada, uliyeweka minervali ya watoto na hujamwambia mume wako, usikope tena ili kufunika shimo. Mwambie leo, na uje kwa wazee tuombe na kushauriana. Tukinyamaza kwa haya, mwizi anapata nafasi ya kuendelea. Na akija mtu kusema atarudisha feza yako ukimlipa kwanza, huyo naye ni mwizi.

Neno kwa aliyewaleta wengine na akapata faida. Hukujua, nasadiki. Lakini sasa umejua. Feza uliyopokea ni ya ndugu unayeketi naye kwenye benchi moja. Zakayo, katika Luka 19, hakungoja kuitwa mbele ya mahakimu. Alisimama mwenyewe akaahidi kurudisha. Rudisha unachoweza, hata kidogo kidogo, na umwombe ndugu yako msamaha. Ushirika wetu unaweza kupona kwa njia hiyo.

Kwetu wachungaji: mimbari si mahali pa kutangaza biashara ya namna hii, hata mleta tangazo akiahidi mabati kwa kanisa.

Baba, utupe hekima. Ponya nyumba zilizogombana kwa ajili ya feza. Mpe nguvu ya kusema aliyeficha, na moyo wa kurudisha aliyepata. Katika jina la Yesu, amina.